Maji kwanza: Chanzo cha mawe katika kibofu cha mbwa na namna ya kuyazuia

Mbwa dume anayeinua mguu mara tano au sita penye ukuta mmoja bila kutoa zaidi ya matone machache si lazima awe anaweka alama ya himaya yake. Mara nyingi huwa mgonjwa, na akifikia hali ya kutotoa hata tone moja, maisha yake yamo hatarini. Mrija wa mkojo ukizibwa kabisa, takataka ambazo figo zilipaswa kuzitoa hurundikana katika damu, madini ya potasiamu hupanda hadi kuuvuruga moyo, na mnyama huweza kufa kwa muda wa siku mbili au tatu.

Aghalabu kinachoziba mrija huo ni jiwe dogo, wakati mwingine lisilozidi punje ya dengu. Mawe ya aina hii huanza katika kibofu, nayo huchukua majuma au miezi kuumbika. Ina maana kwamba mwenye mbwa huwa na muda wa kutosha wa kuyazuia, ilhali akishafika kwenye meza ya upasuaji huwa hana budi kugharamika.

Nchini Kenya, mbwa wengi wa mijini hufugwa kwa sababu ya ulinzi. Alfajiri hufungiwa katika banda, na jioni hufunguliwa ili wazunguke boma usiku kucha. Saa kumi au kumi na mbili za mchana hupita mnyama akiwa mahali pamoja, pengine chini ya paa la mabati, karibu na bakuli lililokauka tangu asubuhi. Wapo wafugaji wanaomnyima mbwa maji kwa makusudi ili asilichafue banda. Hilo ni kosa kiafya, na hata kisheria: Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, humtia hatiani mwenye mnyama anayemnyima chakula au maji.

Ili kuelewa madhara yake, yafaa kujua kazi ya figo. Figo huchuja damu na kuondoa chumvi, madini yaliyozidi pamoja na taka zitokanazo na protini. Vitu hivyo vyote huyeyushwa katika maji, vikapita kwenye mirija na kukusanyika kibofuni. Maji yakiwa tele, mkojo huwa mwepesi na madini husafiri ndani yake bila matata. Maji yakipungua, figo huyabana yaliyopo kwa ajili ya mwili na kutoa mkojo mzito. Atakayeweka vijiko vingi vya sukari katika kikombe cha chai iliyobaki kidogo ataona punje zikitua chini. Madini nayo hufanya vivyo hivyo kibofuni: huanza kama fuwele zisizoonekana kwa macho, fuwele zikashikana, na hatimaye zikawa jiwe.

Madaktari wa mifugo hupima uzito huo wa mkojo kwa chombo kidogo kinachohitaji tone moja tu. Maji matupu husoma 1.000. Mkojo wa mbwa mzima kwa kawaida huwa kati ya 1.015 na 1.045, na aliyekosa maji huweza kupita hapo. Kwa mbwa aliyewahi kupata mawe, madaktari hupendelea kipimo kibakie chini ya 1.020. Kipimo hiki ni rahisi kuliko vingi vinavyofanywa kliniki, lakini ni wafugaji wachache wanaokiulizia wanapopeleka mbwa wao kuchanjwa.

Je, mbwa anahitaji maji kiasi gani? Kwa makadirio, mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yakihesabiwa pamoja na yale yaliyomo katika chakula. Mbwa mdogo wa kilo 10 atahitaji yapata nusu lita au zaidi kidogo. Yule wa kijerumani, maarufu German Shepherd, mwenye kilo 30, atahitaji lita moja na nusu hadi lita 1.8. Huo ni karibu ujazo wa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, ule ambao wengi huuita kasuku. Anayenyonyesha, anayekimbia sana, na anayeishi katika joto la Mombasa, Garissa au Lodwar atahitaji zaidi, kwa kuwa mbwa hatoi jasho mwili mzima jinsi afanyavyo binadamu. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje, na kila pumzi huondoka na maji.

Kuna njia nyepesi ya kujua mbwa anakunywa kiasi gani. Asubuhi pimia maji kwa chupa ya lita moja, uyamimine bakulini, na kesho yake wakati uleule upime yaliyobaki. Ukifanya hivyo siku tatu mfululizo utakuwa na hesabu ya kumpelekea daktari badala ya kumwambia tu kwamba mbwa “anakunywa vizuri.” Jambo la kukumbukwa ni kwamba anayekula chakula kikavu atakunywa zaidi ya anayekula chakula chenye mchuzi.

Bakuli lenyewe nalo lina mambo yake. La plastiki hupata mikwaruzo na kuhifadhi utelezi wa vijidudu. La bati lisilo zito hupinduliwa mchana kutwa. La chuma kisichoshika kutu, au la udongo mzito, ndilo bora, nalo lioshwe kila siku wala lisiongezwe tu maji mapya juu ya yale ya jana. Likiwekwa juani, maji yatakuwa moto kufikia saa sita na mbwa atayapuuza. Penye mbwa wawili au watatu, bakuli moja halitoshi, kwani mwenye nguvu hulitawala na mnyonge husubiri. Kadhalika, maji ya visima vyenye chumvichumvi, yanayopatikana sehemu nyingi za nchi, huenda mbwa asiyapende. Yule anayeonekana kupendelea maji ya mvua huwa ana sababu.

Maji peke yake hayatoshi iwapo mnyama hapewi nafasi ya kuyatoa. Mbwa aliyezoeshwa usafi hawezi kukojoa pale anapolala hadi ashindwe kabisa. Kwa hiyo akifungiwa saa kumi na mbili, mkojo hukaa kibofuni saa hizo zote, madini yakipata muda wa kushikana na vijidudu vikipata muda wa kuzaana. Mbwa mzima yafaa atolewe angalau kila baada ya saa sita hadi nane, na watoto wa mbwa mara nyingi zaidi. Familia ambayo haimwachi mtu nyumbani mchana inaweza kumjengea uga mdogo wenye ua mbele ya banda. Gharama ya nyaya na vigingi ni ndogo ikilinganishwa na ya upasuaji.

Mbwa jike ndiye anayesumbuliwa zaidi na maambukizi ya njia ya mkojo. Mrija wake ni mfupi, mpana, na mlango wake hauko mbali na mkundu, hivyo viini vya kinyesi hupanda kwa urahisi. Dume ana mrija mrefu na mwembamba unaopita kwenye mfereji ulio upande wa chini wa mfupa wa uume. Viini hupata taabu kuupanda, lakini jiwe likiteremka hunasa kwenye mfupa huo, mahali ambapo mrija hauwezi kutanuka. Ndiyo maana jike huugua mara nyingi ilhali dume, ajapougua mara chache, ndiye anayekufa kwa kuzibwa.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako makosa mengi hufanywa kwa nia njema. Wafugaji wengi hudhani mawe ya kibofu ni ugonjwa mmoja. Sivyo. Kuna aina kadhaa, kila moja ikiwa na kemia yake, na chakula kinachoyeyusha aina moja huweza kuchochea nyingine.

Aina ya kwanza huitwa struviti. Huumbwa na magnesiamu, amonia na fosfeti, nayo hupenda mkojo wenye alkali. Kwa mbwa, tofauti na paka, mawe haya karibu kila mara huanzishwa na maambukizi. Baadhi ya bakteria huweza kuivunja urea iliyomo katika mkojo na kuigeuza amonia, na mkojo ukigeuka kuwa wa alkali, mawe huanza kujengeka. Si ajabu basi kwamba struviti huonekana zaidi kwa jike. Habari njema ni kwamba mawe haya yanaweza kuyeyushwa bila kisu, kwa chakula maalumu cha matibabu chenye fosforasi na magnesiamu kidogo na kinachotia mkojo asidi, pamoja na dawa za kuua bakteria. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, hata miezi miwili au mitatu. Vijidudu hujificha katika tabaka za jiwe, na kila tabaka linapoyeyuka vingine hutoka. Mfugaji anayesimamisha dawa pindi damu inapokoma kuonekana huwa ameacha kazi nusu.

Aina ya pili ni kalsiamu oksaleti. Hii haiyeyuki kwa chakula chochote wala dawa yoyote iliyopo. Ikishaumbika, hutolewa kwa upasuaji au, kama ni vijiwe vidogo, kwa kuoshwa kibofu mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Huwapata zaidi mbwa wadogo kama Shih Tzu, Yorkshire Terrier, Lhasa Apso na Miniature Schnauzer, hasa madume waliokomaa, na baadhi yao sasa wanafugwa sana katika mitaa ya Nairobi. Mbwa wa aina hii hahitaji chakula kinachozidisha asidi katika mkojo.

Hapo ndipo penye mtego. Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kina kituo cha kuchunguza mawe ya wanyama kilichoanzishwa mwaka 1981, na mawe yaliyokwisha kupelekwa huko kutoka nchi mbalimbali yamepita milioni moja. Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya mawe ya mbwa yalikuwa struviti. Kadiri miaka ilivyosonga, struviti ilipungua na oksaleti ikaongezeka hadi kushindana nayo. Mojawapo ya sababu zinazoshukiwa ni vyakula vilivyotengenezwa ili kuizuia struviti, vikaupa mkojo asidi nyingi mno. Kwa hivyo mtu anayenunua mfuko wa chakula cha “njia ya mkojo” kwa kuwa mbwa wa jirani ulimponya, huenda akawa anamchochea wake kwenye ugonjwa mwingine.

Aina ya tatu ni yureti, nayo ina historia ya kuvutia. Mbwa wa kawaida huigeuza asidi ya yuriki ndani ya ini na kuwa kitu kinachoyeyuka kwa urahisi. Mbwa mweupe mwenye madoadoa, Dalmatian, hawezi kufanya hivyo ipasavyo. Ini lake lina kimeng’enya kinachohitajika, ila asidi hiyo hushindwa kuingia ndani ya seli za ini. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alimzalisha Dalmatian na mbwa wa aina ya Pointer, kisha akaendelea kuwarudisha wazao kwa Dalmatian halisi kizazi baada ya kizazi ili kuondoa dosari hiyo. Wafugaji walibishana kwa miaka mingi kama wazao hao wanastahili kuitwa Dalmatian. Mnamo 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis waliitambua jeni yenyewe, SLC2A9, na dosari hiyohiyo ikapatikana pia kwa baadhi ya mbwa aina ya Bulldog na Black Russian Terrier.

Kwa mbwa wa namna hii, nyama za ndani ni adui. Maini, figo na wengu vimejaa purini, ambazo mwilini hugeuka asidi ya yuriki. Katika mji ambao maini ya bei nafuu na masalio ya buchari ndiyo chakula cha mbwa, mwenye Dalmatian hana budi kujizuia. Protini yake itoke kwenye mayai na maziwa yaliyokaushwa au jibini, na mkojo wake usiwe wa asidi. Kinyume kabisa, basi, cha yule wa struviti.

Yapo mawe mengine, kama ya sisitini, ambayo hurithiwa na hutokea kwa nadra. Mkasa wake ni kwamba ya sisitini na ya yureti mara nyingi hayaonekani vizuri katika picha ya kawaida ya eksirei, hivyo daktari hutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Eksirei safi si hakikisho kwamba kibofu ni kitupu.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, mwenye mbwa mzima ambaye hajawahi kuugua afanye nini? Jibu ni kwamba asijitwike kubadilisha asidi wala alkali ya mkojo. Siki, magadi na tembe za matunda zinazosifiwa mitandaoni hazina nafasi katika bakuli la mbwa ambaye jiwe lake halijajulikana. Kitu kimoja tu hufaa mbwa wote, wa struviti, wa oksaleti na wa yureti: kuufanya mkojo uwe mwepesi. Na njia bora ya kufanya hivyo ni kutia maji ndani ya chakula.

Chakula kikavu cha mfuko huwa na maji yapata asilimia 10 pekee. Cha mkebe huwa na asilimia 75 au zaidi, lakini bei yake haimfai kila mtu. Hata hivyo, anayenunua kile kikavu anaweza kukiloweka katika maji ya uvuguvugu ya ujazo uleule, akakiacha robo saa hadi nusu saa, kisha akakitoa. Kisiachwe kutwa nzima, maana huchacha.

Katika nyumba nyingi za Kenya, mbwa hula ugali. Ugali si sumu, na hakuna haja ya kuuonea haya. Lawama ni kwamba mara nyingi hupewa peke yake, ukiwa mgumu na mkavu, na bila protini ya kutosha. Ukipondwapondwa ndani ya supu nyepesi ya mifupa, kichwa cha mbuzi au omena zilizooshwa mchanga na kuchemshwa, mbwa atapata maji bila kujua kwamba anayapata. Vipimo vitofautiane kulingana na mnyama, lakini ukiona chakula kinamwagika kwenye bakuli kama uji mzito, umekaribia. Vilevile ni heri kumlisha mara mbili kwa siku kuliko mara moja usiku.

Supu hiyo isitiwe chumvi wala vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa, na vidonge vya kukoleza mchuzi vinavyouzwa madukani aghalabu huwa na chumvi nyingi, na vingine vitunguu pia. Wapo wanaotia chumvi kwa makusudi ili mbwa apate kiu. Mbwa atakunywa, ni kweli, lakini mwenye udhaifu wa moyo au figo atadhurika, na ni nani anayejua hali ya figo za mbwa wake pasipo kupima? Supu huleta matokeo hayohayo bila hatari hiyo.

Mboga nazo zichaguliwe. Spinachi na mchicha zina oksaleti kwa wingi, ilhali sukuma wiki ina kiasi kidogo. Kwa mbwa asiye na historia ya mawe, majani machache ya mchicha hayatamwua. Kwa yule aliyewahi kutolewa mawe ya oksaleti, sukuma wiki, karoti au malenge ndiyo mbadala. Unga wa mifupa na tembe za kalsiamu, ambazo watu huwapa mbwa “waimarike mifupa,” visitolewe juu ya chakula cha mfuko ambacho tayari kimepimwa madini. Vivyo hivyo vitamini C na D: ya kwanza hugeuka oksaleti mwilini ikizidi, ya pili huongeza kalsiamu katika damu na mkojo.

Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo binadamu wameyakataa, yasitupiwe mbwa pia. Sumu yake hushambulia zaidi ini kuliko figo, lakini ini likiharibika mambo ya mkojo huvurugika vilevile.

Asili ya chakula cha kununua si jambo la kupuuzwa. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Canada iliondoa sokoni zaidi ya mikebe na pakiti milioni 60 za chakula cha mbwa na paka baada ya wanyama kupatwa na ugonjwa wa figo huko Amerika Kaskazini. Uchunguzi ulionyesha kuwa kiungo kilichotoka China kilitiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, ili kipimo cha protini kionekane kikubwa. Melamini ilipokutana na asidi nyingine iliyomo humo, ziliunda fuwele ndani ya vijirija vya figo na kuviziba. Mwaka uliofuata, melamini hiyohiyo ilipatikana katika maziwa ya watoto nchini China, na watoto wapatao 300,000 wakaugua. Tangu hapo wakaguzi wamekaza uzi, lakini mfuko usio na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo wala tarehe haufai kununuliwa, hata bei yake ikivutia kiasi gani.

Kufikia hapa imesisitizwa kwamba mbwa anywe maji mengi. Lakini kunywa kupita kiasi ni dalili, tena nzito. Mbwa anayepita mililita 100 kwa kila kilo kwa siku anahitaji kuchunguzwa. Anaweza kuwa na kisukari. Anaweza kuwa na figo zilizochakaa: mbwa huanza kushindwa kuukoleza mkojo baada ya kupoteza takriban theluthi mbili za uwezo wa figo, na vipimo vya kawaida vya damu hubadilika baadaye zaidi, robo tatu zikiwa zimekwenda. Jike asiyehasiwa, majuma machache baada ya kutoka joto, huenda ana usaha katika mji wa mimba, ugonjwa unaoua upesi. Kosa kubwa ambalo mwenye mbwa anaweza kufanya katika hali hizi ni kumwondolea bakuli la maji ili asikojoekojoe. Mnyama huyo anakunywa kwa sababu anapoteza. Akinyimwa, ataporomoka.

Jike aliyehasiwa anayeacha unyevu pale alipolala naye asichapwe. Misuli inayofunga kibofu huweza kulegea baada ya kuhasiwa, hasa kwa mbwa wakubwa, na zipo dawa za kuisaidia. Huyo hakojoi kwa utundu, na mara nyingi hajui hata kwamba amelowa.

Maji ya madimbwi na mitaro ni hatari ya namna nyingine. Panya hukojoa humo, na mkojo wao huweza kubeba viini vya leptospirosisi, ugonjwa unaoshambulia figo na ini la mbwa na ambao humwambukiza binadamu pia. Ipo chanjo yake kwa mbwa. Anayesafisha banda la mbwa mgonjwa avae glavu na viatu vya mpira. Mbwa mwenye maji safi bakulini hana sababu kubwa ya kwenda kunywa mtaroni, na hiyo ni faida nyingine ya bakuli lililojaa.

Halafu kuna kabati la dawa. Mbwa akilia kwa maumivu ya kukojoa, mtu huingiwa na huruma na kumpa kidonge cha ibuprofen au diclofenac alichonacho nyumbani. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mbwa aliyepungukiwa na maji huweza kuziua figo hizo ndani ya siku chache. Dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa agroveti bila mkojo kupimwa nazo hazina faida ya kudumu. Damu itakoma kwa wiki moja, jiwe litabaki, na bakteria watakaorudi watakuwa sugu.

Dalili za kuangaliwa ni kukojoa kidogo kidogo mara nyingi, kujikamua, mkojo wenye damu au harufu kali isiyo ya kawaida, kujilamba sehemu za siri, na mbwa msafi kuanza kukojoa ndani. Hizo ni za kumwona daktari siku hiyo au kesho yake. Dume anayejikamua bila kutoa chochote, aliyevimba tumbo, anayetapika au aliyelala tu, hangoji kesho. Usiku huohuo atafutiwe usafiri. Asilazimishwe kunywa maji akiwa amezibwa, kwa sababu yanayoingia hayana pa kutokea.

Anayekwenda kliniki asiende mikono mitupu. Mkojo wa asubuhi, uliokingwa katikati ya mkondo kwa kikombe safi kikavu na kufunikwa ndani ya chupa isiyokuwa na mabaki ya sabuni, hurahisisha kazi. Ufikishwe ndani ya saa moja. Ukicheleweshwa, uwekwe kwenye friji, na daktari aambiwe saa ulipokingwa, kwa kuwa mkojo uliopoa huweza kuunda fuwele ambazo hazikuwamo mwilini. Ikiwa huenda mkojo utapandwa maabara ili kutambua bakteria, daktari atapendelea kuuvuta mwenyewe kwa sindano kutoka kibofuni, jambo linalochukua dakika chache. Na kama mbwa ametoa kijiwe, hata kidogo kama punje ya mchanga, kisitupwe. Kiokotwe, kikaushwe na kuwekwa katika karatasi, kwa maana kuchunguzwa kwa kijiwe hicho ndiko kutakakoamua kama bakuli la kesho litakuwa na maini, mayai au mchicha.